Kasulu haihitaji ndege ya chuma chakavu

Meli ya MV Liemba ilifika Kigoma ikiwa ndani ya masanduku. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupelekwa ziwani, sehemu kubwa ya safari hiyo kwa reli. Februari 1915 ilishushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika Wabelgiji nao walifungua masanduku yao. Yalikuwa na ndege za majini aina ya Short, zilizoazimwa kutoka Uingereza. Ziliungwa hukohuko Congo, na Juni 1916 zikaja kuangusha mabomu Kigoma.

Kwa hiyo ndege ya kuunga kwa vipande si ngeni mkoani Kigoma. Inawatangulia hata wazee wa leo.

Lakini katika kisa cha Liemba, lililo na manufaa zaidi kwa vijana wa Kasulu na Kibondo, wilaya za mkoa huo, ni lile lililotokea Julai 1916. Wajerumani walipokuwa wakikimbia waliizamisha meli yao wenyewe, na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo hiyo ingali inafaa, na mwaka 1927 meli ikaanza tena kazi. Aliyeunda meli anasifiwa. Aliyepaka grisi ndiye aliyeiokoa.

Katika shangwe za Afrika Mashariki kuhusu ndege za mitaani, mpakaji grisi huyo hana nafasi. Mwaka 2011 Uganda ilimshangilia Chris Nsamba, aliyekuwa akiunda ndege uani kwa mama yake jijini Kampala. Kenya ilikuwa na Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta ambaye ndege yake ilikimbia ardhini bila kupaa. Tanzania nayo ilikuwa na helikopta ya fundi wa Tunduma. Kila mara mambo huenda vilevile: picha zinasambaa, viongozi wanafika, pongezi zinatolewa, kisha kimya. Wabunifu hao hawakukosa akili wala bidii. Walichokosa ni michoro iliyokwisha kupimwa, chuma chenye ubora unaojulikana na jicho la mkaguzi.

Ndege zinazouzwa kwa vipande huleta vitu viwili vya kwanza vikiwa tayari. Kiwanda hutuma mabati ya alumini yaliyokatwa na kutobolewa, riveti, nyaya na kitabu cha maelekezo, mnunuzi huunga. Kampuni ya Van's ya Marekani, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, ina ndege zaidi ya 11,000 za namna hiyo ambazo zimekwisha kuruka. Na vijana wanaweza kuifanya kazi hii. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunga ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa takriban wiki tatu, wakisimamiwa na mafundi wa kiwanda, kisha wenzao wenye leseni wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipitia Tanzania.

Hapa ndipo vyuo vya ufundi vya Kasulu na Kibondo vingeingia. Kijana aliyezoea kuchomelea mageti na kufungua injini za bodaboda ana mikono ya kazi hii. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kuandika. Katika gereji ya mtaani nati hukazwa mpaka mkono uridhike. Kwenye ndege hukazwa kwa spana inayopima mkazo, kipimo kikaandikwa kitabuni pamoja na tarehe na jina la aliyekaza, kisha mtu wa pili akakagua na kutia saini. Riveti iliyopinda hutobolewa na kuondolewa hata kama haionekani na yeyote. Fundi aliyeyazoea hayo kwa miaka miwili atatafutwa na karakana ya mabasi, hospitali yenye jenereta, mgodi na kiwanda, hata kama ndege yake haitapaa kamwe.

Kuitunza ndege ni kugumu kuliko kuiunga. Injini ya Rotax 912 ya Austria, inayotumika sana kwenye ndege ndogo, hutumia petroli ya kawaida ya magari, jambo la faraja kwa mji ulio mbali na mafuta ya ndege. Lakini oili yake hubadilishwa kwa ratiba ya saa za kuruka, na mipira yote ya mafuta na maji hubadilishwa kila baada ya miaka 5, ndege iwe imeruka au imelala bandani.

Nyanda za juu za Kigoma zina madai yake pia. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila meta 1,000 za mwinuko, hivyo ndege inayopaa kwa wepesi Dar es Salaam itahitaji njia ndefu zaidi Kibondo, hasa jua la mchana likiwaka. Vumbi jekundu la kiangazi huziba filta ya hewa. Nyigu nao hujenga kwenye kijibomba kinachopima mwendo: mwaka 1996 ndege kubwa ya Birgenair ilianguka karibu na Jamhuri ya Dominika na kuua watu 189 baada ya kijibomba hicho kuziba, na wachunguzi waliwashuku nyigu. Kinga yake ni kifuniko kidogo cha kitambaa na mtu asiyesahau kukifunika.

Watakaopinga watauliza fedha. Wana haki. Seti kamili pamoja na injini hugharimu makumi ya maelfu ya dola, karibu bei ya gari jipya la halmashauri. Watauliza pia faida ya ndege, ilhali barabara za lami zinasogea. Jibu lipo mashariki mwa Kibondo, kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu ya Ramsar, mwaka 2000. Kuhesabu wanyama na kufuatilia moto katika mabwawa yasiyopitika kwa gari ni kazi inayofaa ndege ndogo kuliko chombo kingine chochote.

Hatari haijibiwi kwa maneno. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ishirikishwe kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa, si siku ya kuwasha injini mbele ya kamera. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kinachofundisha ufundi wa ndege, kitoe wasimamizi. Morogoro nako kampuni ya Airplanes Africa Limited, yenye wataalamu kutoka Czech, inaunga ndege za watu wawili za Skyleader. Wakufunzi wawili wa Kasulu wangeweza kupelekwa huko kujifunza.

Tena hakuna haja ya kununua ndege nzima. Viwanda vingi huuza seti kwa awamu, mkia kwanza. Kampuni ya Zenith ya Missouri huwaanzisha wanunuzi kwa usukani wa mkia peke yake, kazi ya siku mbili darasani. Halmashauri za Kasulu na Kibondo zinaweza kuagiza usukani mmoja kwa kila chuo, kumwalika mkaguzi aupime, na kuamua kuhusu mabawa baada ya kusoma ripoti yake. Riveti zikiwa zimepinda, hasara itakuwa mabati machache ya alumini, na wanafunzi watakuwa wamekwisha kujua mahali zilipopinda.