Wajukuu wa Wapagazi, Miguu Mnamwachia Nani?

Ndugu zangu wa Tabora, nina neno, na nitalisema hata likiwachoma baadhi yenu, kwa maana akwambiaye ukweli ndiye akupendaye. Simama asubuhi yoyote nje ya lango la Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale Kitete, utazame. Anatoka mtu wa miaka thelathini na kitu, mzima wa viungo, karatasi ya daktari mkononi. Kaambiwa presha imepanda, apunguze chumvi, apunguze unene, afanye mazoezi. Duka la dawa analolitaka analiona kwa macho yake, na lau angeita kwa sauti muuzaji angemsikia. Anafanya nini? Ananyoosha kidole. Bodaboda tatu zinamkimbilia kwa pamoja, anapanda mojawapo, anashuka kabla hajakaa sawasawa, analipa, kisha anaingia kununua vidonge vya presha. Nimeyaona hayo si mara moja, na kila nikiyaona moyo unaniuma.

Unaniuma zaidi kwa sababu hapa si mahali popote. Hapa ni Unyanyembe. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na waliobeba mizigo yake walikuwa babu zetu. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, akatembea kilomita zaidi ya mia nane mpaka pwani, miezi miwili au mitatu, akavuka pori la Mgunda Mkali lisilo na maji, akarudi na nguo, shanga na habari. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto, hata kama ndevu zimemjaa. Utani wetu na Wazaramo, unaotuchekesha misibani mpaka leo, ulipaliliwa na njia ile. Sasa mjukuu wa watu hao hawezi kutoka Kitete kwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Mwacha asili ni mtumwa, na sisi tumekuwa watumwa wa kiti.

Sisemi kwamba maisha ya mpagazi yalikuwa matamu. Ndui iliwafyeka, njaa iliwaangusha njiani, na katika njia hiyohiyo walipita watu waliofungwa minyororo, jambo ambalo hakuna mwenye imani anayelikumbuka bila kuinamisha kichwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ukahama kutoka mabegani kwenda kwenye mabehewa, na hilo lilikuwa jema. Lakini kuutua mzigo ni jambo moja, na kuikataa miguu ni jambo jingine kabisa. Mwenyezi Mungu ametupa mwili kuwa amana. Muumini wa msikitini analijua hilo, na muumini wa kanisani analijua vilevile. Amana haitupwi.

Najua wako watakaonijibu kwa methali, kwamba mtembezi hula miguu yake. Ndugu yangu, methali ile inamsema mzururaji asiye na shughuli, haimsemi mtu aendaye kazini kwake. Anayekula miguu yake leo ni yule anayeikalia kutwa, kwa maana kisukari kisipodhibitiwa huanza na ganzi kwenye nyayo, kikafuata kidonda kisichopona, na mwisho wake wengi wenu mmeuona kwenye familia zenu. Misuli ya mapaja na mashavu ya miguu ndiyo mlaji mkubwa wa sukari iliyomo kwenye damu. Ukitembea, inaila. Ukikaa, sukari inabaki inazunguka na kuharibu mishipa, macho na figo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwapima Watanzania wa miaka 25 hadi 64, ukakuta kwamba kama mtu mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 hivi wana kisukari. Dalili ya mvua ni mawingu. Hayo ni mawingu ya mwaka 2012, na tangu hapo bodaboda hazikupungua.

Wazungu wenyewe waliyapima mambo haya zamani. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa katika gari moja, moshi mmoja, na wote watu wa kawaida. Dereva alikaa kutwa, kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Morris akakuta madereva wanaugua moyo zaidi kuliko makondakta, tena wakiugua wanakufa haraka zaidi. Kumbe kilichokuwa kikimkinga kondakta ni zile ngazi za kila siku! Na Shirika la Afya Duniani halimwambii mtu mzima akakimbie mbio za marathoni. Linataka angalau dakika 150 kwa wiki, mwendo wa haraka wa kukutoa jasho kidogo. Ni nusu saa kwa siku tano. Mwalimu anayeishi Ipuli au Cheyo na kufundisha katikati ya mji angeimaliza hesabu hiyo kwa kwenda na kurudi kazini tu, bila kununua raba wala kulipa senti.

Basi kwa nini hatembei? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na sikubali tena jibu la kwamba hatuna nafasi. Nafasi tunayo. Tunachokosa ni ujasiri wa kuonekana tukitembea. Katika mji huu mtu akionekana kwa miguu, watu huulizana: fulani kafilisika? Gari kauza? Baiskeli nayo imepata mkosi huohuo. Ardhi yetu ni tambarare, Mungu ameiandaa kwa baiskeli, na wazee wetu waliitunza Phoenix kwa mafuta na kitambaa kama bwana harusi anavyoitunza kanzu yake. Leo kijana wa mjini ataona haya kuendesha baiskeli mbele ya mchumba, akidhani baiskeli ni chombo cha muuza mkaa. Na huyo muuza mkaa anayetoka vijiji vya Uyui na magunia nyuma, kifua wazi, pumzi ndefu, moyo wake huenda ni mzima kuliko wa bwana anayempigia honi.

Kama kutembea ni fedheha, basi Mwalimu Nyerere alifedheheka. Huyu alisoma hapa hapa Tabora School na akafundisha St. Mary's. Mwaka 1967, akiwa Rais wa nchi, mwenye magari na madereva, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakuna aliyeuliza kama amefilisika.

Aibu hiyohiyo imeingia jikoni. Mgeni akibisha hodi, mama anaficha matobolwa chini ya kitambaa na kumtuma mtoto akalete soda. Viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikawa vitamu na vya kutafunika, chakula chetu wenyewe, tunakionea haya! Na chupa ya soda ya mililita 500 ina gramu hamsini hivi za sukari, kama vijiko kumi na viwili vya chai. Mpe mgeni chai ya vijiko kumi na viwili uone kama hatadhani unamfanyia kisa. Nsansa, mlenda, uyoga wa porini, karanga, asali ya miombo ambayo mikoa mingine inatuonea wivu, vyote tunavyo. Jioni tunajipanga kwenye banda la chipsi, karai lina mafuta yaliyokaanga tangu juzi, meusi, yanatoa povu, mkaangaji anamwaga chumvi kwa kiganja, tena tunamhimiza aongeze. Kipimo cha chumvi kwa mtu mzima kwa siku nzima hakifiki kijiko kimoja cha chai. Mazoea yana taabu, lakini mazoea haya tumejitwika wenyewe.

Sasa nije kwenye akili, maana mwili na akili hulala kitanda kimoja. Zamani watu waliotoka kazini pamoja walirudi pamoja kwa miguu. Kati ya kazini na nyumbani mtu aliyeudhiwa na mkubwa wake alisema yaliyomkera, mwenzake akamtania, akamshauri, na alipofika mlangoni hasira imekwisha mwilini. Mke alimpokea mume, hakupokea mzigo. Leo kila mmoja yuko nyuma ya dereva wa bodaboda asiyemjua, masikioni ameziba vipokea sauti, anafika nyumbani na kinyongo kizima kizima. Anakula kimya. Anajitupa kwenye kochi na simu. Saa nane za usiku bado uso wake unang'aa kwa mwanga wa kioo, anatazama mkeka wa kubeti ambao timu moja imemharibia. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, huyu anapata nne, na asubuhi anaamka na kichwa kizito, anakunywa kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu ili aende. Mwezi ukipita anasema ana mawazo. Mwaka ukipita hasemi tena, na huko ndiko kubaya zaidi.

Sonona ni ugonjwa, si uvivu wala mapepo, na aliyezidiwa nayo apelekwe kwa daktari kama apelekwavyo mwenye malaria. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wanaume wenzangu ndio mabingwa wa kuficha. Lakini wataalamu wamekubaliana kwamba mtu anayeushughulisha mwili wake hupunguza hatari ya kuingia humo, na aliyekwisha kuingia, mazoezi humsaidia kutoka. Kutembea na mwenzako mpaka nyumbani ni mazungumzo na mazoezi kwa wakati mmoja, na hakuna kidonge kinachofanya yote mawili.

Vijana wa bodaboda wasinielewe vibaya. Ninyi ni watoto wetu, mnaamka kabla ya adhana, mnalisha nyumba, na usiku wa manane ninyi ndio mnaomkimbiza mjamzito hospitali. Heshima yenu ipo. Bebeni wagonjwa, wazee, mizigo na wa safari ndefu, na ninyi wenyewe mkiwa kijiweni shukeni kwenye viti mnyooshe migongo, maana yaliyompata dereva wa London yanawanyemelea. Na ninyi akina mama mnaoingia mjini alfajiri na mabeseni ya maembe na mboga kichwani, nawavulia kofia. Mngepewa daladala za nauli nafuu kwa ajili ya mizigo, na mabwana wa maofisini wakaachiwa njia ya miguu, mji huu ungekuwa umepangwa kwa haki.

Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Tulivaa fulana, tukapiga picha, tukarudi nyumbani. Jumamosi ya pili ya mwezi bado ipo kwenye kalenda. Masheikh, mapadri, wachungaji, walimu wakuu, anzeni nyinyi, waumini na wanafunzi watafuata.

Na hapa kuna jambo siwezi kulinyamazia. Tunawaambia watu watembee, huku tunawakatia kivuli! Miembe ya Tabora ndiyo alama ya mji huu. Ilifuata njia ya misafara, na mgeni hata leo anaitambua njia ile kwa miembe yake. Njia hiyo nchi yetu imeipendekeza kwa UNESCO tangu mwaka 2006 iwe urithi wa dunia, na Kwihara yetu imo ndani yake. Kisha anakuja mtu na msumeno, anaangusha mwembe uliowapa kivuli watu kabla babu yake hajazaliwa, apate nafasi ya fremu mbili za kuuza laini za simu. Mwezi wa tisa na wa kumi jua la hapa linachoma, nani atatembea saa saba mchana kwenye barabara iliyonyolewa? Bao lilichezwa chini ya miti ile, kesi ziliamuliwa chini yake, wazee walipumzikia hapo wakitoka kliniki. Penye miti hapana wajenzi, ilisemwa, na sasa wajenzi wamekuja na miti imekwisha.

Halmashauri ya Manispaa isitoe kibali cha fremu penye mwembe wa barabarani. Aliyekwisha kuukata alazimishwe kupanda miwili palepale ulipoanguka, aizungushie miiba mbuzi wasiifikie, aimwagilie mpaka ishike, na mashimo yawe tayari kabla ya mvua za Novemba.