Nani Anashika Daftari la Majina?

Tarehe 7 Machi 2025 Baba Mtakatifu Fransisko aliunda Jimbo Katoliki la Bagamoyo, kwa kumega maeneo ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro. Jimbo jipya lina mahitaji mengi: ofisi, mhuri, nyumba za mapadre, usafiri wa kufika vigango vya mbali. Siku hizi kuna hitaji jingine ambalo hufikiriwa mwisho, tena kwa haraka: jina kwenye intaneti. Napendekeza tulifikirie mapema, kwa sababu nyuma ya jina hilo kuna swali la haki.

Naanza na kisa. Parokia moja ya pwani hii, ambayo sitaitaja, ilitengenezewa tovuti na kijana wa kwaya mwenye moyo wa kujitolea. Alisajili jina linaloishia na .com kwa barua pepe yake mwenyewe, akalipia kwa kampuni ya nje. Baadaye alipata kazi mbali na kubadili anwani, na ada ya mwaka haikulipwa. Siku moja tulifungua tovuti ile kutafuta ratiba ya Juma Kuu, tukakuta matangazo ya kubeti. Hakuna aliyeiba. Muda wa jina ulikuwa umekwisha, mwingine akalinunua. Paroko akauliza, "Sasa twende kwa nani?" Tulitazamana tu.

Ili kumjibu, tuangalie kwanza daftari tulilolizoea. Mtu aliyebatizwa Bagamoyo akitaka kufunga ndoa Mwanza, paroko wa Mwanza haandiki Roma. Anaomba cheti kutoka Bagamoyo, na ndoa ikishafungwa taarifa hurudi Bagamoyo ikaandikwa pembeni mwa jina lake. Roma haina orodha ya wabatizwa wote duniani. Inachojua ni majimbo. Jimbo linajua parokia zake. Parokia inajua watu wake.

Majina ya intaneti, yaani vikoa, yamepangwa vivyo hivyo. Juu kabisa kuna orodha fupi iitwayo mzizi. Humo mna miisho kama .com, .org, .ke na .tz, ambayo jumla yake ni zaidi ya 1,400. Mzizi haujui tovuti ya parokia yako. Unajua tu nani anashika daftari la .tz, na huyo ndiye anayejua yaliyo chini yake. Kwa hiyo anayeshika mzizi ana mamlaka ya pekee: akifuta mstari mmoja, majina yote ya nchi nzima hayapatikani tena.

Nani anaushika? Tangu 1998 kazi hiyo inaratibiwa na ICANN, shirika lisilo la faida lenye makao Los Angeles. Kwa miaka 18 ilifanya kazi hiyo chini ya mkataba na Serikali ya Marekani, na kila badiliko kwenye mzizi lilipitia kwanza kwenye Wizara ya Biashara ya nchi hiyo. Nchi nyingi zililalamika, hasa katika mkutano wa kilele wa Tunis mwaka 2005. Machi 2014 Marekani ikatangaza kwamba itajiondoa. Wapo wanasiasa wake waliopinga, na majimbo manne yakakimbilia mahakamani, lakini tarehe 1 Oktoba 2016 mkataba ulifikia kikomo. Tangu hapo ICANN inawajibika kwa jamii ya wadau: serikali, makampuni, mafundi, asasi za kiraia na watumiaji.

Je, hilo limetosha? Kwa maoni yangu, ni hatua njema iliyoishia njiani. ICANN bado iko chini ya sheria za California, na mfano wa .africa unaonyesha maana yake. Umoja wa Afrika uliunga mkono shirika la Afrika Kusini lishike kikoa hicho. Mwombaji mwingine akapinga, na mwaka 2015 jopo la wasuluhishi likaona kwamba ICANN ilikiuka kanuni zake yenyewe. Kesi ikaenda katika mahakama za California, na Februari 2017 ndipo .africa ikaingizwa kwenye mzizi. Simlaumu hakimu yeyote. Lakini jina la bara letu kusubiri amri ya mahakama ya Los Angeles ni jambo la kutafakari.

Na kuna suala la fedha. Mwaka 2012 kuomba mwisho mmoja mpya kuligharimu dola 185,000. Kwa awamu mpya iliyopangwa kufunguliwa Aprili 2026, ada ni dola 227,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 500. ICANN imeweka mpango wa kuwasaidia waombaji wasio na uwezo, lakini anayepungukiwa fedha kwa kawaida anapungukiwa pia wanasheria na mafundi.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanatupa kipimo. Papa Pio XI, katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifafanua kanuni ya auni: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya, jumuiya kubwa isikinyakue. Lakini auni ni msaada. Wa juu ana wajibu wa kumsaidia wa chini pale anaposhindwa. Naye Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alifundisha kwamba mambo yanayogusa dunia nzima yanahitaji mamlaka yenye upeo wa dunia nzima kwa ajili ya mafao ya wengi, na kwamba mamlaka hiyo isisimamishwe kwa nguvu wala isimeze mamlaka za mataifa. Mzizi ni jambo la namna hiyo: ni mmoja, na unatugusa sote.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuukabidhi mzizi kwa serikali, kupitia Umoja wa Mataifa. Naelewa hamu hiyo. Taifa huru lisiombe ruhusa kwa taifa jingine ili litumie jina lake. Lakini serikali nazo zina vishawishi. Januari 2021 Uganda ilizima intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi. Sipendi mkono unaoweza kuzima ndio ushike daftari peke yake. Wala sipendi makampuni yaachiwe. Majirani wa mto Amazon, Brazil na Peru wakiwemo, walipinga kwa miaka mingi jina la mto wao kuwa mwisho wa kampuni ya biashara, na hatimaye kampuni ikapewa. Afadhali meza yenye wadau wengi wanaochungana, mradi wanyonge wapate viti vya kweli, na kinga ya kisheria isiyotegemea jimbo moja la Marekani.

Kanisa nalo halipo nje ya mjadala huu. Vatican ina kikoa chake cha .va na kiti katika kamati ya serikali inayoishauri ICANN. Mwaka 2012 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii liliomba .catholic, pamoja na neno hilo kwa maandishi ya Kiarabu, Kichina na Kisirili. Saudi Arabia ilipinga, ikisema wapo Wakristo wengine wanaojiita Wakatoliki kwa maana pana. Kanisa lilipewa. Basi, kama tumepewa jina ambalo wengine nao wanalipenda, tulitunze kama mawakili waaminifu.

Hapa narudi kwa paroko wetu. Kanuni ya auni ina upande wa pili: jumuiya ndogo nayo itimize wajibu wake. Tanzania ilifanya hivyo. Mwaka 2006 TCRA na watoa huduma za intaneti walianzisha tzNIC, na mwaka 2010 ICANN ilikubali kuihamishia usimamizi wa .tz. Kwa hiyo daftari la taifa liko nyumbani. Anayesajili chini ya .or.tz na kupata tatizo anajua aende ofisi gani, kwa Kiswahili, bila kupanda ndege.

Nashauri jimbo letu lianze vizuri. Majina yote yasajiliwe kwa jina la jimbo au parokia, kamwe si kwa jina la mtu. Nywila na risiti zitunzwe kwenye kumbukumbu za jimbo pamoja na hati za viwanja. Ada iingizwe katika bajeti ya mwaka, na paroko anapokabidhi parokia, jina la tovuti liwemo katika orodha ya makabidhiano. Na miongoni mwetu waseminari, wawepo watakaojifunza mambo haya hadi kuketi katika vikao vya kitaifa na kimataifa. Vikao vya ICANN viko wazi kwa yeyote, na mwaka 2010 kimoja kilifanyika jirani hapa, Nairobi.

Mwaka 1891 makao makuu ya utawala wa Wajerumani yalihamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na hakuna mwenyeji aliyeulizwa. Katika daftari hili jipya mlango haujafungwa. Lakini hatuwezi kudai kiti mbele ya mataifa wakati jina la parokia yetu limo kwenye simu ya kijana aliyehama.