Neno Moja, Imani Mbili: Wajibu wa Taaluma ya Kiswahili katika Maelewano ya Wakristo na Waislamu

Husemwa mara nyingi kwamba Kiswahili kimewaunganisha watu wa Afrika Mashariki wa dini zote. Kauli hii ina ukweli, lakini haijakamilika. Lugha moja huwawezesha watu kuzungumza; haiwahakikishii kuelewana. Baadhi ya mivutano kati ya Wakristo na Waislamu huzuka, si kwa sababu pande hizo hutumia maneno tofauti, bali kwa sababu hutumia maneno yale yale kwa maana zilizoachana. Hapo ndipo taaluma ya Kiswahili ina wajibu ambao bado haijautimiza.

Wamisionari wa karne ya 19 waliikuta lugha iliyokwisha kulelewa na Uislamu. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844 kwa msaada wa kadhi Mwislamu. Maneno kama imani, dhambi, malaika, nabii, sala, Injili na Zaburi, yaliyotoka katika Kiarabu, yaliingia makanisani yakiwa na sura ile ile, na Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ikayathibitisha. Kilichobadilika ni maana.

Mfano ulio wazi ni neno mtume, ambalo mzizi wake ni wa Kibantu. Kwa Mwislamu, Mtume ni mjumbe aliyeletewa risala na Mwenyezi Mungu. Hakuna cheo cha mwanadamu kinachoipita daraja hiyo. Kwa Mkristo, mitume ni wafuasi waliotumwa na Yesu, kama Petro na Paulo. Hivyo Mwislamu anaposema kwamba Isa ni Mtume, anakusudia kumtukuza. Mkristo anayemsikiliza hudhani kwamba Bwana wake ameshushwa hadi kwenye safu ya wanafunzi wake. Istilahi Mwana wa Mungu nayo huleta mkanganyiko kama huo. Mwislamu husikia ndani yake kitendo cha kuzaa, ambacho Sura ya Ikhlas inakikanusha. Mkristo naye hukana kwamba anazungumzia uzazi wa mwili. Aidha, Kurani yenyewe, katika Sura ya Nisaa aya ya 171, inamwita Isa neno la Mungu na roho itokayo kwake, ilhali aya hiyo hiyo inakataza kusema “Watatu”. Neno ni moja. Itikadi ni mbili.

Tofauti za namna hii zisipofafanuliwa, hugeuzwa silaha. Mwaka 1923 Godfrey Dale, padri wa Kianglikana, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ikiwa na maelezo ya kuupinga Uislamu. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyechapisha Qurani Takatifu mwaka 1969, alilazimika kuyajibu makosa ya tafsiri zilizomtangulia. Baadaye, katika mihadhara ya hadhara nchini Tanzania, Biblia nayo ilisomwa na wahubiri wa Kiislamu kwa nia ya kuwashinda Wakristo. Malalamiko kwamba mihadhara hiyo ilikashifu imani ya Kikristo yalikuwa miongoni mwa yaliyotangulia mapambano ya polisi na Waislamu pale Mwembechai, Dar es Salaam, Februari 1998, ambapo watu walipoteza maisha. Ni kweli kwamba siasa na madai ya haki yalikuwa na nafasi yake katika tukio hilo. Hata hivyo, usomaji wa kuvizia ulikuwa umekwisha kuandaa uwanja.

Upo usomaji wa namna nyingine. William Taylor, mmisionari wa Kianglikana, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 1890. Bila ya ushirikiano wao, Diwani ya Muyaka iliyochapishwa mwaka 1940 isingekuwa na kiini chake. Mathias Mnyampala naye, Mkatoliki wa Dodoma, aliiweka Injili katika bahari ya utenzi, iliyokuzwa na washairi Waislamu wa pwani. Hakuna aliyetakiwa kuiacha imani yake. Kila mmoja alijifunza kwanza, akatumia baadaye.

Huenda ikadaiwa kwamba mambo haya ni ya wanateolojia, na kwamba kuzichambua tofauti ni kuzichochea. Dai hilo halina nguvu. Fasili ya neno ni kazi ya mwanaleksikografia, na kamusi inayotoa maana moja tu ya mtume huwanyima haki wasemaji wa upande mmoja. Kunyamaza nako hakujaleta amani. Kumewaachia uwanja wanaopiga kelele.

Kwa hiyo, idara za Kiswahili hazina budi kufundisha tenzi za Kiislamu na za Kikristo katika somo moja, na kamusi zitaje matumizi ya kila dini. Tena mwanafunzi Mkristo apewe kueleza Hamziya, na Mwislamu utenzi wa Mnyampala. Kigezo cha kufaulu kiwe kimoja: mwenye imani inayoelezwa ayasome maelezo hayo na kukiri kwamba ndivyo anavyoamini. Urafiki unaojengwa juu ya msingi huo unaweza kuhimili hata kutokubaliana.