Akiba Haiozi, Hata Uwanjani

Mwaka huu timu yetu ilipokwenda kucheza Msambweni, golikipa wetu aliteguka kidole kabla ya mapumziko. Kumbe hatukuwa na kipa wa pili! Beki mmoja akavishwa glavu, akafungwa mabao matatu, na njia nzima hadi Ukunda tukamzomea ndani ya gari. Hata mimi nilimzomea, na leo naona haya.

Jamani, kosa lilikuwa lake? Nani aliwahi kumfundisha kudaka? Mwezi wa Juni 2019, Brian Mandela, beki wa Harambee Stars, aliumia goti mazoezini kule Ufaransa, siku chache tu kabla ya Kombe la Afrika. Mashabiki tukashika vichwa. Lakini Joseph Okumu alikuwa tayari. Akasimama nyuma pale Misri, na Tanzania tukaifunga 3-2.

Kwa hivyo naomba wachezaji wetu wa akiba wafanye mazoezi kama wenzao, wasiwe wa kubeba maji tu. Najua sisi wa kutwa twawahi gari jioni, lakini hata nusu saa yatosha. Na yule beki wetu, tumwombe radhi.