Uchambuzi: Chipu Inapoondolewa Sokoni, Kifaa cha Umma Hubaki na Nani?

Mwezi Aprili 2024, kampuni ya Zilog ya Marekani iliwaarifu wateja wake kuwa oda za chipu ya Z80 zingepokelewa hadi tarehe 14 Juni mwaka huo pekee. Chipu hiyo ilikuwa sokoni tangu mwaka 1976. Sababu iliyotajwa ni kuwa kiwanda kilichokuwa kikiizalishia Zilog silikoni kinasitisha huduma hiyo.

Miezi miwili ni muda mfupi mno. Programu ya kifaa huandikwa kwa kuzingatia chipu mahususi. Chipu hiyo ikitoweka, mtengenezaji hulazimika kusanifu bodi upya, kurekebisha programu na kupima kifaa kizima. Asipoweza, hununua akiba ya mwisho au huwaendea wachuuzi, ambako chipu bandia si jambo geni.

Hata hivyo, umri pekee si kigezo. Intel ilitoa familia ya 8051 mwaka 1980 na kuacha kuizalisha mwaka 2007, lakini chipu zinazofuata amri zilezile zingali zinatengenezwa na kampuni nyingine. Familia yenye mtengenezaji mmoja ndiyo ya kutiliwa shaka, hata iwe mpya kiasi gani.

Zipo kampuni, ikiwemo NXP, zinazoahidi upatikanaji wa miaka 10 au 15 kwa bidhaa zilizoorodheshwa. Ahadi hiyo huhesabiwa tangu chipu ilipoingia sokoni, si tangu mita ilipofungwa ukutani. Chipu ya ahadi ya miaka 10 ambayo tayari ina miaka 8 imebakiwa na 2.

Wateja wa LUKU nchini wanakumbuka zoezi la mwaka 2024. Hesabu ya dakika inayotambulisha tokeni, iliyoanzia tarehe 1 Januari 1993, ilikuwa inafikia ukomo tarehe 24 Novemba. Chipu hazikuwa na kosa. Mteja aliingiza namba za ziada kabla ya zile za umeme, na mita ikaendelea kutumika pale pale ilipo, kwa kuwa utaratibu huo ni wa kiwango cha kimataifa kinachofuatwa na watengenezaji wengi.

Kwa msingi huo, taasisi inayonunua mita, pampu au mizani ina haki ya kudai majibu kabla ya kusaini mkataba: chipu iliyomo ni ipi, nani mwingine anaitengeneza, ahadi yake inaisha mwaka gani, na programu yake itakabidhiwa kwa nani iwapo muuzaji atafunga biashara.