Eren Yeager si shujaa, lakini hadithi yake tuiangalie

Kuna vijana wanaoweka sura ya Eren Yeager kwenye profili ya WhatsApp sawa vile mtu angeweka picha ya shujaa wa inchi. Kuna wazazi nao wanaosema: huyo kijana wa katuni ameua watu wa dunia nzima, zimeni hiyo kitu. Mimi siko upande wa kundi la kwanza wala la pili. « L'Attaque des Titans » ni moja ya hadithi kali zaidi ambazo Wajapani wametupatia, na kijana aliye katikati yake ni mhalifu. Sioni kwa nini tulazimishwe kukataa moja ili tukubali lingine.

Kwa wale ambao hawaijui: Hajime Isayama alianza kuichapisha mwaka 2009, akaimaliza 2021. Katuni ya televisheni ilianza 2013, na sehemu ya mwisho ikatoka mwezi wa kumi na moja 2023. Watu wanaishi ndani ya kuta tatu kubwa, wakiogopa majitu yanayokula wanadamu. Eren ni mtoto wa miaka 10 siku jitu moja linapovunja mlango wa mji wao, Shiganshina. Mama yake anabanwa chini ya nyumba iliyoanguka, jitu lingine linamkamata na kumla, na mtoto anaona. Msomaji wa Goma, wa Bunia ao wa Fizi hahitaji kuelezwa kwa nini hapo panauma. Kukimbia bila kubeba kitu, kupanga mstari wa mkate katika mji usio wako, kusikia wenyeji wakinung'unika kwamba wakimbizi wamezidi: yote yamo humo, tangu mwanzo. Mwaka unaofuata serikali inatuma watu 250,000, wengi wao wakimbizi, eti wakarudishe ardhi. Ukweli ni kwamba chakula hakikutosha. Karibu wote wanakufa.

Ndiyo maana tunampenda Eren mapema, na hapo Isayama anatutega. (Mwenye kuchukia kuambiwa mwisho aache kusoma hapa.) Kwa misimu mitatu tunamsindikiza na kushangilia kila jitu linapoanguka. Kisha tunajua kwamba majitu yale yalikuwa watu, waliochomwa sindano na kutupwa kule kama adhabu. Ng'ambo ya bahari kuna inchi inayoitwa Marley, na humo watu wa uzao wa Eren wanafungiwa mtaa mmoja, Liberio, wakivalishwa kitambaa cha alama mkononi.

Eren anaingia Liberio akijifanya askari aliyekatwa mguu. Anaishi kati yao, anazungumza na watoto wao. Chini ya jengo moja anaketi na Reiner, mmoja wa wale waliovunja kuta za kwao, na anamwambia kwamba wao wawili wanafanana. Dakika chache baadaye anageuka jitu, na jengo linabomoka pamoja na wakaaji waliokuwa juu.

Eren hakufanya hayo kwa kutojua, na kwangu hapo ndipo uzito wa hadithi ulipo. Kuna mtoto mkimbizi, Ramzi, anayepigwa sokoni kwa sababu ya wizi. Eren anamwokoa, halafu anapiga magoti mbele yake, analia na kuomba msamaha kwa jambo ambalo bado hajalitenda. Mtoto haelewi lugha yake. Baadaye majitu yaliyofichwa ndani ya kuta yanaamka na kukanyaga dunia, na Ramzi anakufa chini ya miguu yao pamoja na ndugu yake. Asilimia 80 ya wanadamu wanaangamia.

Wanaomtetea wanasema alilinda watu wake, hakukuwa na njia nyingine. Tuyasikilize vizuri maneno hayo, maana tunayajua. Huku kwetu kila mwenye bunduki anaongea hivyo: kila kundi linalinda watu wake, kila kundi lina mama aliyeuawa. Na mara nyingi mama huyo ni wa kweli. Nakubali kwamba kisiwa cha Eren kilitishwa kweli na kwamba maadui wake walikuwa wengi. Lakini Ramzi hakuvunja mlango wa mtu.

Lawama nyingine ni ya katuni yenyewe. Muziki ni mzuri mno na picha za maangamizi zinavutia mno, hata kijana wa miaka 15 anaweza kuona fahari pale ambapo alipaswa kuona maiti. Katika kitabu, rafiki yake Armin anafikia hata kumshukuru kwa kuwa muuaji kwa ajili yao. Wasomaji wengi walikasirika, na mimi nawapa haki. Katika katuni ya 2023 mazungumzo hayo yalibadilishwa: Armin anakubali kwamba yeye pia ana sehemu katika kosa, na kwamba watakuwa pamoja jehanamu. Ni bora zaidi, ingawa bado ni laini kwangu.

Kama mzazi ataniuliza pa kuangalia, sitamwonyesha Eren kwanza. Nitamwonyesha Gabi, msichana wa Liberio mwenye miaka 12, aliyefundishwa tangu utoto kwamba watu wa kisiwa ni mashetani. Anamuua Sasha, askari wa kisiwa. Siku moja baba ya Sasha, mwindaji, anapewa kisu na kuonyeshwa muuaji wa binti yake. Anakataa kumgusa. Anasema watu wazima ndio wanaopaswa kubeba makosa ya zamani, watoto watolewe katika pori hilo. Pale pale Kaya, mtoto ambaye Sasha alimwokoa, anachukua kisu na kumrukia Gabi, na anazuiliwa. Baadaye, katika vita vingine, jitu linamfikia Kaya. Anayelipiga risasi ni Gabi.