Tabibu wa Simu na Ulimi wa Mgonjwa

Tangu Machi 27, 2023, serikali ya Malawi ilipotoa amri kwamba wakimbizi wote waliotawanyika katika miji na vijiji warejee kambi ya Dzaleka kabla ya Aprili 15, na tangu mwezi wa Mei uliofuata, polisi walipopita Lilongwe wakiwakamata waume kwa wake pamoja na watoto wao, baadhi yao wakalala nyuma ya kuta za gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini, nimesikia faraja moja ikirudiwa na watu wenye nia njema, wengi wao wakiwa wamekaa juu ya viti vya mjini, mbali na vumbi la Dowa, wilaya yenye kambi hiyo. Faraja yenyewe ni kwamba aliyetolewa mjini hakutolewa katika tiba, kwa kuwa zama hizi tabibu hupatikana kwa simu, na simu haijui ua wala kizuizi cha barabarani. Nasema mapema, ili msomaji asihangaike kunitafuta niko upande gani, kwamba tiba ya simu naipenda na kuitakia kheri. Lakini faraja hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu imesahau jambo moja ambalo pasipo hilo simu si kitu ila kipande cha plastiki kinachopata moto mkononi. Imesahau lugha.

Mtu asidhani kuwa tiba ya namna hii ni ndoto ya wageni. Malawi inayo, tena ilianza mapema kuliko nchi nyingi zilizoitangulia kwa mali. Mwaka 1957, kule Nairobi, madaktari watatu, mmoja wao Michael Wood, waliasisi huduma ya madaktari warukao, na baada ya hapo redio zikaunganisha hospitali za misheni zilizokuwa upweke porini na tabibu aliyekuwa mbali nazo. Hiyo ndiyo nasaba ya jambo hili katika Afrika ya Mashariki. Huku Malawi, mwaka 2011, katika wilaya ya Balaka, shirika la VillageReach likisaidiwa na Concern Worldwide lilianzisha Chipatala cha pa Foni, yaani hospitali ya kwenye simu, kwa ajili ya waja wazito na wanyonyeshao. Baadaye kampuni ya Airtel ikawaondolea wapigaji gharama, huduma ikaenea wilaya baada ya wilaya, na mwishowe ikatiwa mikononi mwa Wizara ya Afya. Apigaye hupokewa na mhudumu wa afya aliyefunzwa, huulizwa, husikilizwa, akapewa shauri la kujitunza nyumbani au akaambiwa aende zahanati bila kukawia. Katika nchi ambayo matabibu ni haba na wengi huifuata zahanati kwa miguu, kumwokolea mama safari ya saa tatu kwa ajili ya mafua ya mtoto, au kumhimiza mwingine asingoje alfajiri ilhali damu inamtoka, si hisani ndogo.

Wako wanaoipinga, na insafu yataka niwape nafasi yao. Husema kwamba simu yahitaji umeme na umeme hauko kila nyumba. Kwamba kadi ya simu sharti iandikishwe kwa kitambulisho, na kitambulisho cha mkimbizi huzaa maswali. Kwamba simu moja hutumiwa na watu sita, hata siri ya mgonjwa ikawa siri ya mtaa. Husema pia, na hapa husema vizuri zaidi, kwamba huduma iliyotundikwa juu ya kampuni ya mbali yaweza kuanguka siku moja, kama ilivyokuwa Rwanda, ambako huduma ya Babyl, iliyokuwa imeandikisha watu zaidi ya milioni mbili, ilifungwa mwaka 2023 baada ya mama yake, Babylon ya Uingereza, kufilisika. Yote haya ni kweli na yote yana dawa, nami sitakaa juu yake. Serikali nayo, katika amri yake, ina hoja zake za usalama na za biashara ya wenyeji, na dola yoyote ina haki ya kujua nani analala ndani ya mipaka yake. Hayo wayajadili wanasheria.

Dzaleka iko kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Zamani za Kamuzu Banda palikuwa gereza la kufungia watu wa siasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi, kwa makadirio ya watu 10,000 au 12,000, na leo panakaa zaidi ya 50,000. Wengi ni Wakongo, wakifuatwa na Warundi na Wanyarwanda, na ingawa kila taifa lina lugha yake ya jikoni, lugha ya kisimani, ya sokoni na ya mazikoni ni Kiswahili: hiki cha Kivu kisemacho kwamba mutoto iko na homa, na kile cha Kigoma walichokuja nacho Warundi waliokulia Tanzania. Kituo cha afya kipo ndani ya kambi, na wanavijiji wa jirani hukitumia pamoja na wakimbizi. Maradhi yakikizidi nguvu, mgonjwa hupelekwa hospitali ya wilaya ya Dowa, au Kamuzu Central mjini Lilongwe. Aliyekuwa akiishi Lilongwe alikuwa akiifikia hospitali hiyo kwa nauli ya basi dogo. Sasa aifikie kwa kibali. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa makala, lakini nimeahidi kusema habari ya simu.

Hospitalini, tabibu na mgonjwa wasiosikilizana hawajapotea kabisa. Mgonjwa atashika ubavu, tabibu atauona uso uliokunjamana, atatia kipimo cha joto, atabonyeza tumbo na kuangalia mtu anaruka wapi. Macho ya manjano yatajisema yenyewe, na pumzi za mtoto mwenye kichomi huhesabika bila tarjumani. Bubu hutibiwa hospitalini kila siku. Hakuna bubu atibiwaye kwa njia ya simu. Chombo hiki, pamoja na sifa zake zote, kimeukata mkono wa tabibu, kimempofua macho, kikamwachia sikio moja tu, na katika sikio hilo hakuna kipitacho ila maneno. Kwa hiyo asemaye kuwa simu imeondoa masafa amesema nusu ya habari: imeyaondoa masafa ya ardhi, ikayakusanya yote na kuyaweka katika lugha. Zile redio za misheni hazikupatwa na shida hii, kwa maana kila upande alikaa mtu wa kazi ya tiba, na wote wawili walisema Kiingereza kimoja. Mgonjwa hakuwamo katika mazungumzo. Chipatala cha pa Foni chamwita mgonjwa mwenyewe asimame kwenye chombo, na kilizaliwa Balaka, kwa Chichewa, kwa ajili ya watu wa Balaka. Simlaumu aliyekizaa. Namlaumu amnyoosheaye mkimbizi namba ya simu na kudhani amempa tabibu.

Nitajibiwa kwamba Chichewa na Kiswahili ni ndugu. Ni ndugu kweli, na hatari yatoka katika udugu huo huo, kwa kuwa mtu asiyefahamu neno huuliza, bali yule adhaniaye amelifahamu huendelea na safari. Chukua neno moyo. Mama wa Uvira, huko Kivu, akisema moyo unamwenda mbio amekwisha kuweka kiganja kifuani, lakini kiganja hakipiti katika simu. Na katika Chichewa moyo ni uhai, ilhali kile kipigacho kifuani huitwa mtima, neno ambalo washairi wa Lamu na Mombasa walilijua sana kwa maana ile ile, ila mama wa Uvira hakulelewa kwa tenzi za Lamu. Chukua maungo. Mrundi aliyekulia Kigoma, aliyeshinda akifyatua matofali, atasema maungo yote yanamuuma. Na sikio la Chichewa litasikia malungo, ambayo kwao ni malaria, na hapo maswali yataanza kumiminika juu ya homa na chandarua. Au chukua mimba, neno zito kuliko yote mawili, kwa sababu Chichewa huliita tumbo vile vile mimba, na mwenye kuharisha husemwa kuwa amefunguka m'mimba. Mhudumu mwema, asiye na kosa lolote, amwulize binti wa miaka 16 habari za m'mimba, na binti, ambaye kwake neno hilo lina maana moja tu, nayo ni ya fedheha, ataikata simu kwa haya na asipige tena maisha yake yote.

Wala hata ndani ya Kiswahili chenyewe mambo si mepesi, ili mtu asidhani kuwa kamusi ya kurasa 20 itatosha. Mshipa ni njia ya damu, na kwa mzee wa kijijini ni maradhi yanayoshuka kwenye kinena. Chango ni utumbo, na ni maumivu ya mwanamke. Kichomi chaweza kuwa pafu na chaweza kuwa ubavu. Watafiti wa malaria waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 waliwakuta wazazi ambao hawakuihesabu degedege katika malaria, bali waliinasibisha na pepo ajaye kwa umbo la ndege, na kwa hiyo walianza kwa mganga, huku malaria kali ikimla mtoto ubongo. Yule asikilizaye simu akaambiwa degedege, naye hajui kuwa jina hilo limebeba ugonjwa pamoja na sababu yake na tiba inayokusudiwa, hataweza kusema lile neno moja la busara litakalomgeuza mzazi aliye njiani kwenda kwa mganga. Neno hilo hulijua tu mtu aliyelisikia tangu utotoni.

Nimewahi kuwamo katika chumba cha jirani wakati mvulana wa miaka 11 akimkalimania mama yake kwenye simu. Mtoto huyu Chichewa alikipata shuleni, kikamkaa vizuri, na nyumba nzima ilijivunia ulimi wake. Mama alikuwa na wiki ya tatu tangu ajifungue. Sauti upande wa pili iliuliza kwa upole, mvulana akatarjumi, mama akafungua kinywa, kisha akamtazama mwanawe, akakifunga, akasema, “Mwambie tumbo linaniuma, baba.” Mvulana akasema tumbo linauma. Likatolewa shauri la tumbo, shauri zuri, na simu ikakatwa kwa shukrani. Usiku mama alimweleza mke wangu kuwa alikuwa akitokwa na damu siku ya nne. Katika daftari la huduma, bila shaka, simu ile imehesabiwa katika zilizofaulu.

Hapa ndipo subira yangu inapokwisha, kwa sababu dawa ya shida hii haihitaji kuagizwa ng'ambo. Imo Dzaleka. Wamo wauguzi waliosomea Bukavu, wakunga waliozalisha Bujumbura, na wengine waliowahi kuvaa koti jeupe mahali ambapo leo hapakaliki. Wanajua degedege, wanajua chango, wanajua namna ya kumwuliza binti bila kumtia haya. Na wanakatazwa. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi wa Desemba 1987, iliwaandikia walimwengu kwamba baadhi ya ibara itazichukua kuwa mapendekezo na si wajibu, na miongoni mwake ni ibara ya 19, ile imhusuyo mwenye shahada ya taaluma atakaye kuifanya. Juu ya ibara ya 17, ya kazi ya ujira, na ya 26, ya uhuru wa kwenda na kukaa, ikaweka masharti mengine. Amri ya 2023 haikuanzisha ukuta, iliupaka chokaa. Basi tazama hekima yake: mgonjwa amefungiwa ndani kwa amri, muuguzi wa lugha yake amefungiwa ndani pamoja naye, akizuiwa kazi kwa ibara, na katikati yao imewekwa simu ya kumtafutia mgonjwa mtu wa mbali asiyemfahamu.

Watasema kwamba shahada za nje lazima zipimwe na baraza la nchi. Zipimwe. Lakini mkalimani haandiki dawa wala hashiki kisu. Hukaa kwenye simu ya pili na kusema alichosemewa. Watu wanane wa kupokezana usiku na mchana, chumba kimoja, na sauti ya mwanzo imwambiayo mpigaji abonyeze namba fulani akitaka Kiswahili: je, hilo ni takalifu kwa taifa ambalo, mwezi wa Agosti 2019, huko Dar es Salaam, liliketi na wenzake wa SADC wakakikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne ya jumuiya? Kiswahili kimetengewa vibanda vya wakalimani katika kumbi za wakuu wa nchi, ambako hakuna aliyewahi kukata roho kwa kukosa kutarjumiwa hotuba. Na kila mwaka tamasha la Dzaleka, lililoanzishwa 2014, huwavuta Wamalawi kutoka Lilongwe waje kucheza ngoma pamoja na wakimbizi, na jina la tamasha lenyewe ni Tumaini. Wageni hulitamka sawasawa, bila kukalimaniwa.

Yuko mama mmoja nimjuaye, muuguzi wa miaka mingi kule alikotoka, ambaye mchana huuza nyanya na vitunguu kwenye meza ya mbao. Giza likiingia watu hubisha mlangoni pake, naye huwaketisha juu ya ndoo iliyofunikwa, akauliza, akasikiliza, akauliza tena kwa namna nyingine, kisha akasema hili tulia nalo mpaka kesho, au hili, mwanangu, usilale nalo, amsha kituo sasa hivi. Hana ruhusa, hana ujira, na daftari lake ni la madeni ya nyanya. Simu anayo, na huichaji kila jioni kwa jirani mwenye sola, kwa ajili ya watu wa mtaa wa mbali wasioweza kufika mlangoni.